Wembe wa Marehemu Ganpat

Jumapili, 13 Julai 1958

Mama Sukhrani kaja asubuhi na kitu amekifunga kwenye kilemba cha marehemu mumewe. Nikadhani ndimu. Kumbe wembe! Wembe wa mzee Ganpat, ule ule wa kukunja, mpini wa pembe, uliokwangua mashavu ya kila mwanamume wa kambi hii ya kinu cha sukari tangu sijazaliwa.

Ganpat ana wiki tatu tangu afe. Kifua. Toka hapo kambi nzima tunatisha — nywele masikioni, ndevu kama brashi ya kusugulia sufuria. Hakuacha mtoto wa kiume, mabinti wote wameolewa Suva. Akaniambia, mwanangu, wewe karani, una mkono mwepesi wa kalamu, uchukue usije ukaliwa na kutu. Nikamwambia mimi si kinyozi, ukoo wetu wa jembe, baba akisikia hapatatosha. Akacheka na meno yake mawili. Uso ni wako, akasema, nani kakutuma ukanyoe wa watu?

Nimeuchukua. Sababu naijua mwenyewe. Jana mdogo wangu Sahdeo alishuka na treni ya miwa kutoka kwetu Wainikoro na ujumbe wa baba. Jumapili ya tarehe 10 Agosti kutakuwa na puja, ibada ya kwetu, nyumbani, pandit wa kuiongoza amekwisha ambiwa, nije. Nije na mke wangu Kannamma! Miaka miwili na miezi minne mzee hajanitamkia neno, tangu nilipomwoa binti wa Kimadrasi, si wa kabila letu, bila ridhaa yake. Hata jina langu alipiga marufuku lisitajwe pale nyumbani. Sasa anasema atamlisha mkwewe kwa mkono wake mbele ya watu wote. Sahdeo akaniambia polepole, kaka, nafasi hii usiichezee, mzee hasemi jambo mara mbili.

Kannamma ana mimba ya miezi saba. Mtoto atakuwa na babu.

Basi siwezi kwenda na uso wa mwizi wa kuku. Ile mashine ya kunyolea ya dukani inanitoa vipele shingo nzima. Wembe huu huu.

Jumatatu, 14 Julai

Mjinga mimi!

Mama Sukhrani alinipa na mkanda wa ngozi wa kunolea. Nikautundika kwenye komeo la mlango, nikausukuma wembe makali mbele, kama mtu anavyonoa panga. Chwaa — mkanda umepasuka, kipande kinaning'inia. Ngozi ya miaka thelathini, nimeikata kabla sijanyoa unywele mmoja. Kannamma alikuwa anakanda unga. Mabega tu yakicheka.

Nimekwenda kuungama. Mama Sukhrani hakukasirika. Mgongo wa wembe ndio unaotangulia, akanionyesha, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho unageuza juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali. Mara arobaini kila asubuhi. Kipande kilichobaki kinatosha.

Alhamisi, 17 Julai

Nanyoa chungu. Ndiyo, chungu cha kupikia! Ndivyo Ganpat alivyofundishwa na baba yake: unakipindua, unakipaka povu la sabuni, unaondoa povu lote na wembe usilie. Ukisikia kriii umeusimamisha mno. Povu likibaki umeulaza mno. Kati ya mgongo wa wembe na ngozi pawe na nafasi ya kijiti cha kiberiti, basi. Jirani kauliza kama humu ndani tunachinja paka.

Mama Sukhrani anakaa kizingitini, anafumba macho, anasikiliza. Umemkata, anasema. Umemkata tena. Huyo sasa ni maiti, mfunike.

Jumapili, 20 Julai

Leo uso wenyewe. Taulo la maji moto, povu, wembe. Nikaanza shavu la kulia, nafuata vinywele vinakoelekea, ngozi nimeivuta kwa vidole. Pigo la kwanza — safi! Nikajiona bingwa. La pili, damu. La tatu, damu. Chini ya taya vinywele vyangu vinaota upande upande, nikajichana kama inchi nzima. Shabu ya kukatia damu inachoma hadi kwenye fizi. Kannamma akasema kwao mbuzi huchinjwa kwa pigo moja, hateswi hivi.

Shavu la kushoto sikulimaliza. Masharubu sikuyagusa wala sitayagusa. Baba yu hai, Mungu ampe umri.

Jumatano, 23 Julai

Vidonda vipya viwili. Kazini wameniuliza kama Kannamma kaanza kunipiga.

Jumamosi, 26 Julai

Ilaitia, dereva wa treni ya miwa, ndiye wa kwanza kunikabidhi shingo yake. Mtu wa mwili mkubwa, shingo kama gogo. Aliketi kwenye ngazi ya ofisi ya mizani wakati treni inapakuliwa, akasema nikimuua, miwa yote ya Wainikoro itaozea relini na itanibidi niiandike kitabuni kwa mkono wangu. Nilimnyoa kisogo na mashavu. Kipele kimoja tu nilikikata. Akajipapasa, akasema shingo yake imepata heri kuliko yangu.

Watu wawili waliosimama pale wakawa wanajikuna ndevu. Mwenzako akinyolewa, mmoja akasema, wewe tia maji. Nikawafukuza. Mimi si kinyozi!

Lakini nimefurahi, kwa nini nijifiche humu. Nimefurahi.

Jumapili, 3 Agosti

Sahdeo kapita mbio. Mzee ameuliza kama Kannamma anakula mbuzi. Ameuliza mwenyewe! Ameagiza dume jeupe kwa majirani wa ng'ambo ya mto, maana puja ikiisha, kesho yake kuna karamu. Kannamma alilia kidogo, akajifanya ni kitunguu, na kitunguu hakikuwapo. Ametoa sari yake ya buluu, na blauzi yake kaipanua mishono kwa ajili ya tumbo.

Wiki moja. Uso sasa naumudu, isipokuwa chini ya taya.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefanya jambo baya. Ngoja nianze mwanzo.

Niliamka mapema. Mashavu, kidevu, shingo, bila tone la damu, mara ya kwanza tangu nianze. Ningeishia hapo. Ningeishia hapo! Lakini kwenye kioo nikaona sharubu la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Vinywele viwili vitatu. Nikalisawazisha. Basi la kulia likaonekana refu. Nikalipunguza hilo. Likapita kiasi. Nikarudi kushoto. Mwanamume mzima, karani wa mizani, nashindwa kusawazisha vitu viwili! Mwisho nikavuta mdomo kwa ndani, nikapeleka wembe ukingo wa juu, chini ya pua, mahali ambapo mama Sukhrani aliniambia nisithubutu kabla ya mwaka kwisha. Nilisikia ubaridi tu. Sharubu la kushoto zima likawa kwenye povu juu ya wembe, na mdomo unavuja damu.

Nikamwita Kannamma. Akatazama, akashika kiuno. Kisha akaniambia la kulia niliache hivyo hivyo. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema. "Funga kitambaa, sema jino. Jumapili tutakwenda, baba yako ataona kidonda, ataona nusu imebaki, ataelewa ni ajali."

Alisema kweli. Nilijua anasema kweli. Lakini king'ora cha zamu kilikuwa kinakaribia kulia, na msimamizi wetu mpya hapendi vitambaa usoni, na nikawaza watu wa mizani watakavyoangua kicheko wakinikuta nusu mtu nusu kinyago. Masharubu nusu ni ya mwendawazimu. Nikachukua wembe, nikaondoa na la kulia.

Kwetu sisi mwanamume hanyoi mdomo wa juu ila siku anapoichoma moto maiti ya baba yake. Hilo hata mtoto wa miaka mitano analijua. Nusu ya kwanza ilikwenda kwa mkono kuteleza. Nusu ya pili nimeiondoa mimi, kwa akili zangu, kwa kuogopa kuchekwa.

Na hili naliandika kwa sababu hakuna atakayelisoma. Nilipoosha povu nikatazama kioo, nikaona mtu asiye na baba. Na kwa muda wa pumzi moja nilisikia nafuu. Kifua kikawa chepesi. Hakuna wa kumwogopa, hakuna wa kumpigia magoti. Pumzi moja, kisha nikajichukia. Lakini ilikuwapo. Niliisikia.

King'ora kilipolia sikuthubutu kutoka, nimetuma neno kazini kwamba naumwa. Kannamma hajanisemesha tangu hapo.

Jumatano, 6 Agosti

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka!

Niliingia ofisini, watu wakasimama. Mmoja akanishika bega. Mwingine akavua kofia. Nikasema hapana, hapana, baba mzima, ni wembe tu. Wakatazamana. Mzee wa kupima mikokoteni akaniambia kwa upole kwamba hata yeye alipofiwa alikataa siku mbili nzima kwamba baba yake amekufa. Mwingine akaniuliza kichwa nitanyolewa siku ya kumi, au kwetu ni ya kumi na tatu. Wakanichangia sukari na mchele kwenye mfuko. Nimeukataa, wakauacha kwenye kiti changu.

Treni ya Wainikoro iliondoka saa nne. Nilikuwa najificha chooni. Nilipotoka ilikuwa imekwisha pita daraja. Ilaitia hajui mila zetu, lakini abiria aliowapakia juu ya mabehewa matupu wanazijua. Ningemkimbilia. Ningeandika karatasi, nimpe ampelekee Sahdeo. Nilijificha chooni!

Ijumaa, 8 Agosti

Sahdeo kaja. Hakuingia ndani. Alisimama uani, akautazama mdomo wangu, kisha akaniambia yote bila kupaza sauti. Ningeona heri anipige.

Jumatano jioni habari ilifika ng'ambo ya mto. Mtoto mkubwa wa mzee Ramjatan, yaani mimi, kaonekana kinuni amenyoa mdomo. Hawakuuliza. Nani huuliza? Alhamisi asubuhi, wakati mzee yuko shamba la mbali na ng'ombe wake, akina mama wakaja na vilio. Nyumba wakaikuta tupu — Sahdeo mwenyewe alikuwa zamu ya kukata miwa — wakakaa uani wakaanza kuomboleza. Wanaume wakaleta gari la ng'ombe lenye kuni. Kuni za kumchomea. Wakawa wanazipanga kando ya zizi.

Mzee akatokea kwenye njia, kashika kamba ya ng'ombe. Sahdeo kasimuliwa kwamba kilio kilikatika mara moja, kama mtu aliyezibwa mdomo. Mwanamke mmoja alizimia. Mzee akauliza nani amekufa. Akauliza tena. Ndipo mzee mmoja wa huko ng'ambo akamwambia, ndugu yangu, tumesikia mwanao amenyoa.

Alifunga ng'ombe kwanza. Kisha akaziangalia zile kuni. Wakataka kuzipakia tena waondoke nazo, kwa aibu. Akawakataza. "Ziacheni," alisema. "Mwanangu ndiye aliyeziagiza."

Nikamweleza Sahdeo. Wembe wa Ganpat, chungu, kusawazisha, king'ora. Nilikuwa nasema mbio mbio kama mlevi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kwa nini nilishika wembe wa kinyozi wakati mimi si kinyozi. Nikasema nilitaka kuja kwenu na uso safi. Akasema ungekuja na ndevu, kaka. Nani angekukataza ndevu?

Jumapili nisije. Ndiyo maneno ya mzee. Akaondoka bila kunywa chai.

Jumapili, 10 Agosti

Kannamma alivaa sari ya buluu tangu alfajiri, akaketi kwenye kirago, mikono juu ya tumbo. Nilimwambia avue. Akasema ameivaa kwa ajili yake mwenyewe. Alikaa hivyo hadi jua linatua. Hatukupika.

Alhamisi, 14 Agosti

Ilaitia kaniletea habari. Sahdeo kamwambia. Mzee amelala tangu Jumatatu, hali chakula. Dakta wa serikali alipita, hakuona homa, hakuona uvimbe, akaacha vidonge. Mzee anasema watu wameshamlilia, kuni zipo, kilichobaki ni adabu tu ya kuondoka.

Ilaitia ameniomba radhi. Nikamuuliza ya nini. Akasema treni ilikuwa yake.

Jumapili, 17 Agosti

Watu kumi na wanne leo. Nimeacha kuwafukuza. Wamepanga foleni tangu mlangoni hadi kwenye bomba, na taulo zao mabegani, na mimi nanyoa. Mashavu, shingo, nyuma ya masikio. Hakuna hata mmoja niliyemkata. Hata chini ya taya. Hata mzee wa mikokoteni mwenye ngozi ya mikunjo.

Mama Sukhrani alikuja kusikiliza kama kawaida yake. Mwisho akanyanyuka, akasema mumewe alichukua miaka miwili kufika hapa. Badala ya kufurahi nikataka kuutupa wembe mtoni. Mwezi mzima naomba mkono uwe mzuri, na umekuwa mzuri wiki mbili baada ya kuhitajika!

Kwa nini nanyoa? Kwa sababu wakati wembe uko shingoni mwa mtu siwezi kufikiri kitu kingine. Ndiyo sababu yenyewe.

Masharubu yanaota. Yanawasha.

Jumatano, 20 Agosti

Kannamma hayupo! Nimerudi zamu saa nane, jiko limepoa, chapati nne zimefunikwa kwa sahani. Jirani anasema alimwona akipanda treni ya miwa, Ilaitia na mwenzake wamemnyanyua. Mimba ya miezi minane, juu ya behewa tupu la miwa! Sikwenda kumfuata, hakuna treni nyingine hadi kesho.

Alhamisi, 21 Agosti

Karudi. Miguu imevimba, masizi usoni, ana njaa. Nilimkandia unga mwenyewe, mara ya kwanza maishani, chapati zikawa kama ngozi ya kiatu, akazila.

Kasema alikwenda moja kwa moja hadi kitandani kwa mzee. Sahdeo alitaka kumzuia, akampisha kwa ajili ya tumbo. Akakaa chini, akamweleza mzee yote: wembe umeteleza, alikuwa anajiandaa kuja kwako. Hakuficha ile nusu ya pili. Nilimkaripia — kwa nini umemwambia? Akasema kwa sababu angeuliza.

Mzee alimtazama tumbo. Kisha akauliza kama amekula. Akasema hapana. Akaagiza uji. Alipoletewa, Kannamma akasema hatakunywa peke yake, akamlisha mzee vijiko vitatu, yeye akanywa uliobaki. Vijiko vitatu. Vya kwanza tangu wiki iliyopita.

Alipoaga mzee akasema maneno haya: "Mwambie aje Jumapili. Aje na wembe."

Kannamma anaona ni kheri. Mimi sijui ninaona nini.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimenoa. Mara arobaini, kisha arobaini nyingine. Kannamma atabaki, miguu haimruhusu. Nimefunga wembe, brashi, kipande cha shabu, taulo mbili.

Nimejaribu kupanga maneno ya kumwambia. Kila nikianza, nakutana na ile pumzi moja. Je, akiniuliza: ulipojitazama kioo ulisikia nini? Nitasemaje?

Jumapili, 24 Agosti — Wainikoro, nyumbani

Naandika kisimani, nyuma ya karatasi za mizani nilizozikuta mfukoni. Sahdeo anachemsha maji.

Nilifika asubuhi. Kuni bado zimepangwa kando ya zizi, nadhifu, mvua imeanza kuzitia weusi. Ng'ombe walinitazama kama mgeni. Sahdeo akanipokea mfuko, hakunitazama mdomo.

Baba amekwisha. Sikujua mtu mkubwa vile anaweza kupungua hivi kwa wiki mbili. Mikono imebaki mikubwa, imelala juu ya shuka kama vyombo vya mtu mwingine. Masharubu tu ndiyo yaleyale, meupe, yameshuka pande zote mbili hadi kwenye taya. Ndevu za miezi miwili zimejaa mashavuni — tangu Ganpat afe hakuna aliyefika huku na wembe.

Nikamgusa miguu. Hakuiondoa. Hakuweka mkono kichwani pangu pia.

Akanitazama mdomo wa juu, muda mrefu. Vinywele vimefika robo inchi. Nikaanza kusema, baba, nilikuwa najifunza, nilitaka kuja — akainua kiganja. Maneno ameshayasikia, akasema, ameyasikia kwa mwanamke mjamzito aliyepanda behewa la miwa, na yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Sasa anataka kitu kingine.

Akamtaka Sahdeo amwinue, amwegemeze ukutani. Ikachukua muda. Alihema, akafunga macho, akayafungua.

"Mkeo anasema ni mkono uliokosea," alisema. "Haya. Ninyoe. Mashavu, kidevu, na masharubu unisawazishie, kama ulivyosawazisha yako. Nataka kujua kama ni mkono wako au ni moyo wako. Mkono mjinga nitausamehe leo leo, hapa hapa. Nimefuga ng'ombe, nimelea watoto, mikono mijinga naijua."

Nikamwambia, baba, siku ile nilikuwa siwezi, sasa nimejifunza, nimenyoa watu — akafumba macho.

Nimetoka nje kungoja maji.

Sahdeo kanifuata hadi hapa kisimani. Alisimama nyuma yangu akiwa ameshika ndoo. "Kaka," kanong'ona, "mkate. Kidogo tu, shavuni. Mkate akusamehe, yaishe, mtoto azaliwe ana babu." Nikamwambia hiyo itakuwa uongo. Akasema ni uongo wenye ukweli ndani yake. Nikamwambia ngozi yake imekuwa kama ya kitunguu, damu yenyewe hana. Akasema damu kidogo kuliko kuni zile. Kisha akaenda kutazama moto.

Na mimi nakaa hapa. Nikimnyoa vizuri, nimemwambia kwa mkono wangu mwenyewe kwamba nilimzika makusudi. Nikimkata, nitapeleka wembe kwenye shavu la baba yangu nikijua ninachofanya. Mara ya pili nikijua ninachofanya. Na yeye atanisamehe kwa ile nusu ya kwanza, na ya pili itabaki kwangu, na ile pumzi.

Kwa nini sikuja mwezi uliopita, mkono ulipokuwa mjinga kweli? Ningemjaza damu, angecheka.

Nimeujaribu wembe kwenye vinyweleo vya mkono. Umekata bila kugusa ngozi.

Sahdeo anaita. Maji tayari. Nimeuangalia mkono wangu unaoandika haya, nimeunyoosha mbele, nimehesabu hadi ishirini. Hautetemeki. Mungu wangu, hautetemeki hata kidogo.